Nyumba ya mchoraji isifutwe kwa rangi nyeupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie nyumba walizotuachia wachoraji, wachongaji na washonaji wetu. Nyumba ninazoziona kwenye kurasa za magazeti siku hizi zote ni ndugu wa tumbo moja: ukuta mweupe, sofa ya kijivu, vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu. Anayejenga upya kwenye kiwanja chake na akapenda hivyo, sina neno naye. Nina neno na warithi wanaoingia katika nyumba ya msanii na kuifuta yote kwa wiki moja.

Nilifundisha uchoraji katika shule za sekondari hadi nikastaafu. Ninaishi Jinja, katika nyumba ya marehemu baba yetu. Yeye kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka kwa brashi, na Jumapili alichora picha za rangi ya mafuta: wavuvi wa Masese, mashamba ya miwa ya Kakira, mvua ikitoka ziwani. Marehemu mama alikuwa fundi wa kushona gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda. Sasa tumebaki watoto, na wadogo zangu wanataka kuipangisha. Fundi waliyemleta alizunguka vyumba vyote, akasema milango ya mvule ing'olewe iwekwe ya chuma, kuta zipakwe nyeupe, na "hayo makolokolo" yaende stoo. Nilimtengenezea chai, akanywa, akaenda zake. Tangu siku hiyo tunajadiliana.

Hoja yangu kwao ndiyo hii ninayoileta kwako: rangi za nyumba ile hazikuwekwa ovyo. Sebuleni baba alipaka chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia. Nyumba nyingi za zamani za matofali ya kuchoma zilijengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, na huku karibu na ziwa ukuta hunyonya maji kutoka ardhini. Chokaa huuacha unyevu upite utoke. Rangi ya plastiki huufungia ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inavimba na kudondoka vipande vipande. Kwa hiyo buluu ile ya mawingu, ambayo mdogo wangu anaiona ya kishamba, imeutunza ukuta miaka yote hii.

Tena ni rangi ya bei ndogo. Chokaa inalowekwa kwenye pipa siku kadhaa, inachujwa kwa kitambaa, inatiwa chumvi kidogo ili ishike, kisha unga wa buluu uliokorogwa pembeni. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza, halafu unapigwa koti jembamba, ukikauka lingine, na lingine. Likiwa bichi huoni kitu, utadhani umepoteza pesa. Likikauka ndipo rangi inapotokea. Watoto wakae mbali, na anayepaka akinge macho kwa miwani, maana chokaa inachoma. Ukuta wa namna hii haung'ai, na ndiyo sababu picha hupendeza juu yake: mwanga wa dirishani haurudi machoni mwa mtazamaji.

Milango ndiyo iliyobeba rangi kali. Mlango wa jikoni ni wa manjano, wa chumba cha wazazi ni mwekundu kama barabara ya murramu baada ya mvua, wa uani ni kijani kizito. Baba alitumia rangi zilizobaki kwenye makopo ya vibao, lakini aliteua: rangi hizo tatu zimo katika kila picha yake. Ningemshauri yeyote mwenye nyumba ya namna hii aanze hapo. Aitazame picha moja anayoipenda, achukue rangi mbili au tatu kutoka humo, azirudie kwenye mlango, kwenye fremu ya dirisha, kwenye kigoda. Chumba kitashikana bila kununua chochote. Ila rangi ya mafuta ya zamani isikwanguliwe kikavu kwa msasa, kwa kuwa rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto. Ilowanishwe kwanza, na takataka zikusanywe.

Kuhusu vyombo vya kale, nina msimamo ambao huenda usiwafurahishe wote. Sipendi nyumba igeuzwe makumbusho, vitu vimewekwa visiguswe. Cherehani ya mama ya kukanyaga inashona hadi leo. Imekaa dirishani alipokuwa akikaa, na wajukuu wanaitumia. Kabati la mvule linabeba sahani za enameli zenye maua, na tunazilia. Mvule mchwa hauuwezi kirahisi. Anayeung'oa mlango wa mvule wa Busoga na kuuza kuni hataupata mwingine kwa bei hiyo. Mabaki ya vitambaa vya gomesi, zambarau, chungwa, waridi, tumeyashona foronya za makochi. Mapazia nimekataa, kwa sababu jua lingeyachosha upesi. Ukutani pa chumba cha kulia zimetundikwa kawa alizosukiwa mama na rafiki zake, wanawake wa Kinubi wa Bombo, na siku za sikukuu zinateremshwa kufunika chakula. Wala sitetei makabati mapya yanayokwaruzwa makusudi barabarani ili yaonekane ya kale. Hayo ni uongo wa mbao.

Michoro midogo ya penseli nimeiwekea mgongo wa lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba. UNESCO iliutambua mwaka 2005 ufundi wa Waganda wa kukitengeneza, lakini majumbani mwetu wengi wanakijua msibani tu. Rangi yake ya udongo mwekundu hukaa vizuri na buluu na kijani kuliko kadi nyeupe za dukani.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wazee. Wakumbuke kwamba sanaa ya kisasa ya Chuo cha Makerere, Kampala, ilianzia nyumbani: mwaka 1937 Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake. Shule iliyozaliwa pale ndiyo iliyowalea Gregory Maloba, aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, na mchoraji Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro. Baraza ya nyumba si mahali padogo.

Na kuna mfano wa mbali ambao niliwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Huko Sundborn, Uswidi, mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, naye mchoraji, walipewa nyumba ndogo na baba wa Karin mwaka 1888. Walilea watoto humo huku wakiipaka nyekundu, kijani na buluu. Karin alisuka vitambaa vya meza na mapazia, akabuni viti na meza, na fundi wa kijijini akavitengeneza. Picha za rangi ya maji alizochora Carl za vyumba vile zilienea Ulaya nzima. Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata: nyumba haikugawanywa wala kupakwa upya. Wazao waliunda chama cha ukoo, chama hicho kinaimiliki mpaka leo, na wageni hulipa kiingilio kuiona. Sisi tunaojivunia koo, tunaokutana kwa kila arusi na kila mazishi, tunashindwaje kukaa kikao kimoja kwa ajili ya nyumba?

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti hili litenge ukurasa hata mara moja kwa mwezi kwa nyumba za zamani za Jinja, Mbale, Entebbe na Bombo ambazo bado zinaishi watu, na liwahoji mafundi wanaojua chokaa kabla hawajatutoka. Wasomaji wenye mlango, dirisha au kitasa cha shaba wanachotaka kutupa, wawaulize kwanza majirani.

Kwetu tumefika hapa: sebule itabaki na buluu yake, na milango haitang'olewa. Jikoni mdogo wangu anataka vigae vyeupe. Nimemkubalia nyuma ya jiko tu, kwa ajili ya mafuta yanayoruka, lakini mlango wa manjano nimesema hapana. Fundi mwingine, mzee wa Bugembe anayejua chokaa, anaanza kuloweka Jumatatu.

Mwalimu mstaafu wa uchoraji,
Walukuba, Jinja