Mbwa machachari naye apate nyumba inayomfaa

Mhariri,

Mbwa anayeruka-ruka na kubweka nyuma ya wavu wa kituo cha kulelea mbwa si lazima awe mkorofi. Mara nyingi amechoka kufungiwa. Wahudumu wamtoe kwanza, akimbie, anuse nyasi, afukuze mpira, ndipo wageni wamwone. Wengi hutulia kabisa.

Anayetaka kumchukua aulizwe bila haya: nani atamtembeza kila siku, hata mvua ikinyesha? Kuna watoto wadogo anaoweza kuwaangusha? Mbwa aina ya Border Collie walizalishwa kuchunga kondoo kutwa. Kumkabidhi kwa mtu anayeshinda kazini ni kuwaonea wote wawili.

Nawasihi wenye mazoea ya kukimbia asubuhi: msimpite huyo anayeruka.

Msomaji wenu