Madijei wa video, msiivute picha ya filamu ya zamani

KWA MHARIRI,

Mwenye kibanda cha video katika mitaa ya Kondele au Nyalenda hapa Kisumu akitaka kuonyesha The Scarlet Pimpernel ya 1934, filamu ya bwana Mwingereza anayewaokoa kwa siri makabaila wa Ufaransa wasiuawe na wanamapinduzi, na inastahili kuonyeshwa, asiiendeshe kama filamu ya mapigano iliyotoka juzi.

Picha yake inakaribia mraba, takriban nne kwa tatu, ilhali runinga za leo ni kumi na sita kwa tisa. Ukiivuta ijaze kioo, mwigizaji mkuu Leslie Howard ananenepa kwa theluthi nzima. Ukiikuza, karibu robo inakatwa juu na chini, na vichwa na mikono ndivyo hupotea kwanza. Katika filamu hii pete kidoleni ina siri yake, kwa hiyo mikono ni muhimu. Chagua 4:3 kwenye mashine. Kwenye kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, picha itachukua kama 1,440 za upana. Weusi wa kando si hitilafu.

Sauti ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu, na ina mvumo. Besi iliyopandishwa kwa ajili ya rumba itameza maneno, basi ishushe, punguza trebo (sauti nyembamba) kidogo tu, na spika zikae karibu na kioo. Ukipata kopi ya dakika 93 badala ya 97, usidhani lazima imekatwa: mara nyingi imeharakishwa kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde.

Kazi ngumu hasa ni ya dijei, yule anayesimulia filamu kwa kipaza sauti ikiendelea. Sir Percy, bwana huyo anayeigizwa na Howard, ana sauti mbili. Mbele ya wakubwa wa London anaburuta maneno kama bwege asiyejali ila mavazi. Akiwa na wenzake, maneno ni machache na makali. Ujasusi wake umo humo. Dijei akimfunika kwa mzaha wake wa kawaida, hakuna atakayeelewa jinsi Chauvelin (Raymond Massey), wakala wa wanamapinduzi anayemsaka, anavyochezewa na mtu aliye mbele ya macho yake. Asimulie mikokoteni na farasi apendavyo, lakini maktabani, Percy anapojifanya amelala kochini usiku wa dansi, afunge kipaza sauti.

Historia ya dakika mbili yatosha kabla ya kuanza: ni 1792, mwaka ambao gilotini, mashine ya kukata vichwa, ilianza kutumika Paris; Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikatwa kichwa Januari 1793. Aongeze kwamba njaa na bei ya mkate, zilizowatoa watu mitaani, hazipewi nafasi kubwa humo. Baroness Orczy, aliyetunga hadithi, alitoka katika ukoo wa wenye ardhi wa Hungary, na wazazi wake walihama 1868 wakihofia uasi wa wakulima. Mtazamaji wa Nakuru, aliyekulia kando ya mashamba ya walowezi, atashuku upande huo hata asipoambiwa.

Na kule Boulogne, bandari ya Ufaransa, mwishoni, bunduki zikilia nje ya picha, dijei asimfichulie mtu lolote. Anyamaze hadi filamu yenyewe ijibu.

Mpenzi wa filamu,
Kisumu