Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi mnaoshangilia ajira za mkataba

Wanangu, salamu.

Nawasikia vijiweni, Mtwara mjini na hata huku Newala: serikali ifute ajira za kudumu, wote wawe wa mkataba, wavivu watoke, nanyi mliokaa na vyeti ndani mpate nafasi. Hasira yenu naielewa. Mtu anakufungia dirisha saa nane mchana, na mshahara wake unaingia vilevile.

Ila ajira ya kudumu haijawahi kumkinga mtu asifukuzwe. Mwaka 2017 walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi wakaondoka na hiyo kudumu yao. Mvivu anabaki kwa sababu bosi wake haandiki lolote. Nimestaafu halmashauri, nimeziona fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa mtumishi, zikijazwa kwa mkupuo, kila mtu kafanya vizuri. Bosi huyohuyo ndiye atakayependekeza nani aongezewe mkataba. Mnadhani atamtoa mvivu, au mbishi?

Kuna fundi sanifu mmoja nilimwona kwenye eneo la ujenzi wa darasa. Akaokota tofali, akalibonyeza kwa kidole gumba, likamong'onyoka. Akakataa kusaini mkandarasi alipwe. Simu zilipigwa mpaka jioni, wakubwa kwa wadogo. Hakusaini, tofali zikafyatuliwa upya. Angekuwa na mkataba unaoisha Juni, sijui watoto wale leo wangekuwa chini ya ukuta gani.

Halafu Liwale, kule ndani Lindi. Walimu wa kudumu wenyewe tunawabakiza kwa tabu, wakithibitishwa tu wanaomba uhamisho. Huyu wa mkataba wa miaka miwili atajenga wapi?

Mkataba una mahali pake: mradi wenye mwisho, au kushika nafasi ya aliye likizo ya uzazi. Siyo kwa nesi wa zahanati, ambaye kazi yake haina mwisho.

Hata hivyo ukipewa mkataba leo, saini, usikae nyumbani kwa kususa. Lakini soma unaisha lini, nani anaidhinisha nyongeza, na kiinua mgongo kimeandikwa au kimesemwa tu kwa mdomo. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na mikataba yenye mapengo haifiki huko upesi. Kwa hiyo taarifa yako ya michango iangalie kila mwaka. Mwezi uliorukwa, udai ukiwa bado kazini.