Kaka, usiwape vijana fulana tu

Kaka yangu, shikamoo.

Nimepata ujumbe wako kwamba tamasha la Mikindani, Mtwara, mwaka huu litafanyika korosho zikishauzwa, watu wakiwa na chochote mfukoni. Nimefurahi kweli. Kisha nikasoma mgawanyo wa kazi ulionitumia. Vijana wa mtaani wamepangiwa kubeba viti, kugawa maji na kuvaa fulana zenye jina la tamasha. Msimamizi wa jukwaa anatoka Dar, fundi mitambo anatoka Dar, hata wa kukaa getini na kushika hela anatoka Dar. Nakuandikia hadharani kwa sababu waandaaji wengi huku kwetu wanapanga hivyo hivyo, na wengine nao waisome.

Unasema lengo mojawapo ni kuwajenga vijana kiuongozi. Naliamini hilo, maana nakujua. Lakini kijana haanzi kuongoza kwa kubeba viti, wala kwa semina ya siku moja yenye soda na cheti. Anaanza siku anapokabidhiwa jambo ambalo asipolifanya yeye halifanyiki, na watu wazima wanaomzunguka wanalijua hilo.

Nikupe mfano. Niliwahi kusimama nyuma ya jukwaa Mtwara mjini na binti aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne. Yeye ndiye aliyeshika ratiba. Ratiba yenyewe iliandikwa na watu wa ofisini: bendi kwanza, kikundi cha ngoma kinafuata papo hapo. Binti akaiangalia, akauliza, "Moto wao watauwashia wapi?" Hakuna aliyekuwa amewaza. Ngoma za wazee wetu ngozi zake hukazwa kwa moto, na ukiwapandisha jukwaani zikiwa zimelegea, umewaharibia kazi. Akaenda kuangalia upepo unavumia wapi, akachagua sehemu iliyo mbali na jenereta na madumu ya mafuta, akaweka ndoo ya mchanga pembeni, akampa kijana mwenzake kazi ya kuuwasha moto mapema, bendi ikiwa bado inapiga.

Halafu lile la muda. Unajua wazee wakikolea hawashuki. Msimamizi mgeni angezima maiki, na ingekuwa aibu na ugomvi. Yule binti alimfuata kiongozi wa kikundi kabla hawajapanda, akachuchumaa, akaamkia, akamwambia, "Babu, mkisikia filimbi mara mbili, ujue huo ndio wimbo wa kufungia." Mzee akakubali. Filimbi ilipolia, wakamalizia kwa mbwembwe na kushuka wenyewe, uwanja mzima ukishangilia.

Usiku ule ule kijana mwingine alikuwa analinda mlango wa chumba wanachovalia wachezaji wa lipiko, kinyago cha kuvaliwa cha ngoma ya Wamakonde. Akaja mpiga picha, kamera kubwa, kitambulisho shingoni, anataka kuingia. Kijana akakataa. Hakupandisha sauti, wala hakusogea mlangoni. Sisi tunajua kwamba lipiko lina uhusiano na jando, na kwamba anayelivaa haonwi akivalishwa. Mtu wa mbali angeona kitambulisho, akafungua. Mambo kama haya hayamo kwenye mkataba wa kampuni yoyote ya mitambo, na vijana wetu wanayo tayari. Kilichobaki ni kuwapa mamlaka ya kuyatumia.

Hatuanzii sifuri, kaka. Tamasha la MaKuya limewahi kuwakusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao hapa hapa Mtwara, ngoma kwa ngoma. Zanzibar wana Sauti za Busara tangu 2004. Sasa kwa nini kila tukitaka kuwasha spika lazima tuagize mtu kutoka zaidi ya kilomita 500? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika kule Somanga, magari yakakwama. Tamasha lingekuwa wiki ile, nani angelisimamia?

Sisemi uwafukuze watu wa Dar. Walete, walipe vizuri, lakini tangu siku ya kufunga jukwaa kila mmoja awe na kijana wa Mikindani pembeni yake, na siku ya mwisho wabadilishane: kijana aongoze, mgeni awe karibu wa kuulizwa. Nyaya za umeme mwachie fundi mwenye ujuzi, hapo sina mjadala. Lakini ratiba, geti, mapokezi ya wasanii, mawasiliano na polisi na mgambo, haya wanayaweza wakifundishwa mapema. Na hela za kiingilio pia. Najua hapo ndipo roho yako inaposita. Weka wawili wanaohesabu pamoja na kutia saini pamoja kila baada ya saa moja, stakabadhi ibaki kwenye kitabu. Utaratibu huo ungemfaa hata mtu mzima.

Akikosea mmoja, na atakosea, usimnyang'anye redio ya mawasiliano mbele ya wenzake. Msubiri mkae, muulize angefanyaje tena. Wengi wetu tulikaripiwa jukwaani tukiwa wadogo, na baadhi ya waliokuwa na vipaji kweli hawakurudi tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jambo la wasichana usilipite juu juu. Wazazi wa Mikindani watauliza wanarudi saa ngapi na kwa usafiri gani. Wana haki ya kuuliza. Nenda nyumbani kwao mwenyewe, kaa mkekani, waambie kuna gari la kuwarudisha na mama mtu mzima ndani yake. Usipofanya hivyo utabaki na wavulana watupu, kisha utasema wasichana hawataki.

Barua ya kuomba kibali bado hujaipeleka kwa mkuu wa polisi wa wilaya, wala kwa afisa utamaduni. Usiipeleke kwanza. Ina sehemu ya jina la msimamizi wa jukwaa na msaidizi wake. Nafasi ya msaidizi andika jina la kijana wa Mikindani, na siku ya kuipeleka nenda naye, aingie ofisini, ajieleze mwenyewe. Nijibu ukishampata, nitakuja wiki mbili kabla nimsaidie kuisoma ratiba.

Mdogo wako