Mkienda Lushoto, spika acheni nyumbani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua nitoe dukuduku langu maana nalibeba toka Sabasaba.

Sisi ni watu wa Dar, na si mnajua mwezi wa saba huku tukisikia kaupepo tu tunasema baridi, sasa mwaka huu tukaona hebu twende tukaione baridi yenyewe, tukapanda Lushoto na watoto na bibi yao. Pale Mombo jasho bado linatutoka, ila ukishaanza kupanda zile kona (ni kilomita 33 tu mpaka mjini, ila usiulize, mtoto wa pili katapika mara mbili) madirisha yanafungwa moja moja, na kufika Soni kwenye maporomoko bibi keshajifunika khanga mbili na anadai sweta la mtu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, walikuwa wanapanda kukimbia joto la huku chini, wala siwalaumu.

Siku ya kwanza raha tupu. Tulikula kwenye bustani ya lile shamba la kanisa la Kilutheri, KKKT, pale Irente, mkate mweusi na jibini wanayotengeneza wenyewe, jamu, juisi, watoto wanabiringika kwenye nyasi. Kesho yake tukaingia msitu wa Magamba na kijana wa kututembeza, huyo kijana ana macho jamani, anaona kinyonga mwenye pembe kwenye jani ambalo sisi tumelipita sote saba, halafu anatuambia nyamazeni, mbega wako hapo juu. Tukanyamaza. Dakika kama mbili hivi, matawi yakaanza kutikisika, na hapo hapo nyuma yetu likaja kundi la vijana na spika begani, singeli hiyo, mbega wakaishia.

Sio kwamba sipendi singeli, kwenye sherehe ya mdogo wangu nililala na miguu imevimba kwa kucheza. Lakini mtu umetoka Dar kwenye kelele, masaa sita barabarani, umelipa, umepanda mlima, halafu kelele umeibeba na chaji yake!

Jioni tukawakuta tena Irente pale kwenye jabali, pale unaposimama unaona Mazinde na nyika yote chini yako, karibu mita 1,000 kwenda chini, mahali ambapo hata watoto wangu waliacha kuongea wenyewe bila kuambiwa. Na spika ipo. Bibi akawasogelea akawaambia, wajukuu zangu, hebu zimeni kidogo tusikie upepo. Wakacheka, wakapunguza kidogo, akigeuka wanaongeza.

Ninachoomba ni kitu kidogo, wale wanaokusanya kiingilio na wanaotembeza wageni waseme palepale mlangoni kwamba spika zinabaki kwenye gari. Kama wanavyosema usitupe chupa. Mwenye kutaka muziki avae za masikioni, nani atamgombeza?

Plamu hatukuzikuta, tukaambiwa msimu wake ni mwisho wa mwaka, kwa hiyo Desemba tunarudi. Na nyie vijana mkija tena na hiyo spika, jueni bibi anakuja pia na safari hii kasema haombi, anaizima mwenyewe.

Mama wa watoto wanne,
Tabata, Dar es Salaam