Mwanangu, homa hiyo usilale nayo

Ujiji, Kigoma

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila shangazi yako kanipigia jana usiku na usingizi umenikataa. Anasema Jumapili ulipandwa na homa, ukameza Panadol mbili, ukajifunika shuka, asubuhi ukasema imepita. Kwa nini hukwenda Ocean Road, hospitali yako ya saratani hapo Dar es Salaam, usiku uleule?

Najua tulivyokuzoesha. Kwetu Kigoma mtoto akichemka ni malaria tu, anapewa dawa ya mseto, tunangoja. Lakini wewe kwa sasa damu yako siyo ya siku zote. Hizo dawa za dripu zinaua seli zinazozaliana haraka, na hazichagui: zinaupiga uvimbe, zinapiga na nywele, na ngozi ya ndani ya mdomo, na uboho wa mifupa unakotengenezwa damu. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, seli nyeupe zinakuwa zimeshuka sana. Kijidudu ambacho mimi nisingekisikia, wewe kinaweza kukumaliza ndani ya siku chache. Panadol inashusha joto, kijidudu kinabaki palepale kinaendelea. Kipimajoto kikisoma 38, usimeze kitu kwanza, usisubiri kukuche. Mwamshe shangazi yako, mchukue bajaji, na mlangoni useme wazi kwamba uko kwenye dawa za saratani. Malaria watakupima hukohuko.

Mengine unayabeba vizuri, na hilo nalisema mbele za watu. Ulivyonyoa nywele mwenyewe kabla hazijaanza kudondoka, mama yako alilia, mimi nikasema huyu ni bibi yake mtupu. Ila kuficha maumivu pia umekurithi kwake, na hilo silipendi. Vidonda vya mdomo nimevisikia kwa shangazi, sikuvisikia kwako. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kila ukimaliza kula, tumia mswaki laini, ndimu na pilipili uache kwanza. Dawa ya kichefuchefu imeze kwa saa ulizoandikiwa hata kama tumbo limetulia. Ukingoja mpaka utapike umechelewa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Samaki aive kabisa, maji yachemshwe.

Mama yako alikuwa ameshafunga mizizi ya kukutumia. Nimeizuia, tumenuniana siku mbili. Daktari asipojua unakunywa nini, atajuaje kilicholiumiza ini ni dawa yake au ni mizizi yetu?

Halafu hii habari ya kupanda treni wiki moja baada ya dozi ijayo uje harusini. Hesabu mwenyewe, si ndiyo wiki ile ile mbaya? Reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Homa ikikupanda usiku kati ya Tabora na Uvinza, nani atakupokea? Nimekaa na wakwe, nimewaeleza, wamekubali: harusi inasubiri mpaka umalize dozi ya mwisho na daktari akuruhusu kusafiri. Mdogo wako ndiye wa kwanza kusema asiolewe dada yake hayupo. Usimpigie kumbishia.

Na kipimajoto, kama kile cha shangazi betri imekwisha, nunua kingine leo. Hela nimetuma kwenye simu, siyo ya vocha. Pima asubuhi na jioni, na kila ukihisi baridi au mwili kutetemeka, unitumie namba. Hata saa nane za usiku nitumie.

Biashara inakwenda. Mwezi umepevuka, mitumbwi imelala, dagaa wamepanda bei pale Kibirizi. Bati la jikoni nimebadilisha upande mmoja, upande wa pili nangoja giza lirudi wavuvi waingie ziwani. Mawese lita tano yapo kwenye basi, kondakta ana namba ya shangazi yako. Harufu ikikushinda, apikie uani.

Baba yako