Laptopu ya magemu inalala katikati ya mechi? Usikimbilie kupiga Windows

Mteja akituambia laptopu yake ya magemu "inazima yenyewe", sisi mafundi tunamuuliza swali moja kabla hata ya kuipokea: ukiiamsha, gemu unalikuta palepale ulipoliacha?

Ukigusa kibodi na kioo kikarudi ndani ya sekunde chache, gemu likiwa linakusubiri, mashine haikuzima. Ililala. Ikianza na nembo ya kampuni, ikachukua muda wake, halafu madirisha yote yakarudi yalivyokuwa, basi ilihifadhi kazi yako kwenye diski ndipo ikajizima. Huo ni usingizi mzito zaidi, na mara nyingi unahusiana na chaji. Ikianza na nembo na kila kitu kimepotea, hapo imezima kweli, na hilo ni tatizo la aina nyingine. Kuna na la nne linalowachanganya wengi: kioo kinakuwa cheusi lakini milio ya gemu inaendelea na wenzako kwenye hedifoni bado wanakusikia. Hapo mashine iko macho kabisa. Tatizo ni kioo, waya wake unaopita kwenye bawaba, au draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha.

Tunasisitiza hivi kwa sababu wateja wengi hufika kwetu Kariakoo wakiwa wameshapigiwa Windows mpya kwingine, yaani imefutwa na kuwekwa upya, mafaili yamehamishiwa kwenye flashi, magemu yote ya kushusha upya kwa bando, na laptopu bado inalala vilevile. Kupiga Windows kunatibu baadhi ya mambo. Laptopu inayolala ghafla kwa kawaida haina ugonjwa huo. Imepokea amri ya kulala kutoka mahali fulani, na kazi ni kujua amri hiyo imetoka wapi.

Uzuri ni kwamba Windows yenyewe inaandika. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, ifungue, kisha upande wa kushoto fungua Windows Logs na chini yake System. Upande wa kulia kuna Filter Current Log. Kwenye kisanduku cha namba andika 42,506 halafu kubali. Utabaki na orodha ya nyakati ambazo mashine yako ililala. Tafuta ile ya jana usiku ulipokuwa kwenye mechi, ibonyeze, soma sababu iliyoandikwa. Namba 42 ni ya usingizi wa zamani. Laptopu nyingi mpya zinatumia usingizi wa aina nyingine, unaofanana na wa simu, na zenyewe huandika 506.

Maneno haya ni ya namba 42; kwa 506 hutofautiana kidogo. Ukikuta "Button or Lid", amri imetoka kwenye kitufe au kwenye mfuniko. "System Idle" maana yake Windows imeamini kwamba hakuna mtu anayeitumia. "Battery" inajieleza. "Application API" ni programu fulani imeomba mashine ilale, kwa mfano programu ya kushusha mafaili iliyoachiwa alama ya kulala ikimaliza. Na ukirudi kwenye orodha nzima ukakutana na namba 41 yenye rangi nyekundu, usishtuke, wala usikubali mtu akuuzie kifaa kwa sababu yake. Namba 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Kwa nini ilizima, haisemi.

Basi tuanze na mfuniko, kwa sababu ndio unaotuletea visa vingi vya ajabu.

Kwenye fremu ya kioo kuna sumaku ndogo, na upande wa kibodi, chini ya plastiki, kuna kihisi kinachoisubiri. Ukishusha mfuniko, sumaku inakaribia, kihisi kinatoa taarifa kwamba laptopu imefungwa, na Windows inafuata ulivyoipangia, yaani kulala. Kihisi hicho hakina uwezo wa kujua kama sumaku ni ya mfuniko au ni ya kitu kingine. Sumaku ni sumaku.

Alikuja kijana mmoja na malalamiko yaliyonyooka: "Nikiangalia muvi haina shida, nikifungua gemu tu inalala." Tukamwambia akae mezani acheze mbele yetu. Mkono wa kulia kwenye mausi, wa kushoto kwenye W, A, S na D, kiganja kimelalia kona ya kushoto ya laptopu. Mkononi alikuwa na bangili nyeusi ya shanga za sumaku, zile zinazouzwa kwa maelezo kwamba zinasaidia mzunguko wa damu. Akikimbia mbele kwenye gemu, mkono unasogea kidogo, kioo kinazima. Tukamwomba aivue, akacheza mpaka akachoka.

"Yaani fundi, bangili?"

"Bangili, kaka. Ihamishie mkono wa kulia."

Si bangili tu. Saa yenye mkanda unaofungwa kwa sumaku, kava la simu linalojifunga, simu yenye pete ya sumaku nyuma ukiilaza pembeni ya padi ya mausi (ile ya kugusa kwa kidole chini ya kibodi), kikasha cha spika za masikioni, hata laptopu ya pili iliyolazwa chini ya hiyo unayotumia, kwa sababu sumaku ya mfuniko wa chini inaweza kufikia kihisi cha juu. Kwa hiyo kabla ya kuja, ondoa kila kitu juu ya laptopu na chini yake, vua ulichovaa mikononi, cheza kama kawaida.

Ikiendelea kulala, ingia Control Panel, Power Options, kwenye sehemu ya kuchagua mfuniko unafanya nini, weka Do nothing kwa pande zote mbili, ya betri na ya umeme. Ikiacha kulala, umemkamata mchawi. Kwa baadhi ya laptopu kioo kitaendelea kuzimika lakini muziki hautakatika. Hilo nalo ni jibu, linaonyesha kihisi bado kinadanganyika ila Windows imeacha kumtii. Hapo kihisi chenyewe kina hitilafu, mara nyingi baada ya laptopu kuanguka au kumwagikiwa soda, na kinabadilishwa. Tahadhari moja: ukiiacha kwenye Do nothing, usiifunge na kuitia kwenye begi ikiwa inawaka. Itachemka humo ndani.

Kuhusu kitufe hatuna mengi. Laptopu nyingi za magemu zimewekewa kitufe cha kuwashia kwenye kona ya kibodi, jirani kabisa na Delete, na nyingine zina kitufe cha usingizi kinachofanya kazi pamoja na Fn. Kidole kikiteleza kwenye patashika, umelala. Kwenye ukurasa uleule wa Power Options kiwekee nacho Do nothing. Ukikishikilia kwa muda mrefu bado kitazima mashine inapoganda.

Sasa chaji, na hapa ndipo pesa za wateja zinapopotea.

Chaja halisi ya laptopu ya magemu ni nzito na ina wati nyingi: 180, 230, zenye kadi kubwa za picha hata 330. Mteja chaja yake ikifa, anaambiwa kuna ya USB-C ya wati 65, ndogo, ya bei nafuu, inaingia vizuri. Na kweli inachaji, ukiwa unaandika barua. Ukifungua gemu, prosesa na kadi ya picha vinataka umeme kuliko chaja inavyoweza kutoa, upungufu unachotwa kwenye betri. Kwenye kioo alama ya chaji ipo, wewe unaona imechomekwa, kumbe asilimia zinashuka taratibu. Zikifika kiwango cha hatari, ambacho Windows kwa kawaida imekiweka asilimia 5, mashine inaweza kuhifadhi kila kitu na kujizima. Mteja anaapa ilikuwa kwenye umeme. Hajasema uongo.

Ziko pia chaja zilizoandikwa 230 ambazo ndani hazina hizo wati. Kwa macho huwezi kuzijua zote, ingawa chaja ya wati nyingi iliyo nyepesi mno mkononi inatia shaka. Sisi tunaipima ikiwa inavuta mzigo, siyo ikiwa imekaa tu, kwa sababu chaja mbovu bila mzigo huonyesha volti safi kabisa.

Betri iliyochoka nayo ina tabia yake. Inasoma asilimia 40, umeme unakatika, unasema una muda wa kumalizia raundi, mara inadondoka mpaka 4. Fungua Command Prompt (itafute kama ulivyotafuta Event Viewer), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Linganisha mistari miwili: Design Capacity, ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, ujazo wake wa sasa. Kama wa pili haufiki nusu ya wa kwanza, tafuta betri. Na kama padi ya mausi imeinuka au tumbo la laptopu upande wa chini limefura, acha kuitumia leo, usiichaji, usijaribu kuitoboa au kuibinya irudi. Hiyo imevimba na ni hatari ya moto.

Halafu kuna umeme wenyewe. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme kupungua jioni kwa kawaida haiziangushi. Kinachozisumbua ni plagi kulegea kwenye ekstensheni. Dalili yake: mwanga wa kioo unashuka ghafla na gemu linakuwa zito, halafu linarudi. Kila mara inapokatika hivyo, laptopu inahamia kwenye masharti ya betri, na masharti hayo ni tofauti. Wengi wameweka isilale ikiwa kwenye umeme, wakasahau upande wa betri. Fungua Settings, System, kisha ukurasa wa umeme na betri, uangalie pande zote mbili. Ukitumia programu ya mtengenezaji wa laptopu, kama Armoury Crate, Lenovo Vantage, MSI Center au nyingine ya aina hiyo, angalia na humo, maana kubadili hali ya utendaji kunaweza kubadili na mipangilio ya umeme.

Wanaocheza gemu la mpira kwa pedi ya kushika mikononi, hili ni lenu. Windows huhesabu uwepo wako kwa kibodi na mausi. Pedi unaweza kuibonyeza mpaka vidole viume na bado mashine ikaona kimya. Magemu mengi huiambia Windows isilale, lakini si yote, na si kila wakati. Kwenye kumbukumbu utakuta "System Idle". Dawa ni kuweka Never upande wa umeme, basi, hakuna cha kununua.

Kuna jingine dogo ambalo hata mafundi hulipita. Laptopu inaamshwa na kadi ya mtandao au na ratiba ya masasisho bila wewe kuigusa, kisha inalala tena baada ya dakika mbili hivi. Windows ina kipima muda cha pekee kwa usingizi wa aina hii, na kimefichwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi (Run as administrator), andika:

powercfg -attributes SUB_SLEEP 7bc4a2f9-d8fc-4469-b07b-33eb785aaca0 -ATTRIB_HIDE

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ya kina ya umeme (advanced power settings), chini ya Sleep, utauona mstari wa System unattended sleep timeout. Uongeze upendavyo. Kinachosaidiwa hasa ni mtu anayeiendesha laptopu ya nyumbani akiwa mbali.

Joto tumeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo kila mtu analoanza nalo. Laptopu ikichemka kwanza inapunguza kasi, na ikizidiwa kwa kawaida inazima, hailali. Kama yako inazima kweli na gemu linapotea, na feni zinapiga kelele kabla, hapo tuzungumze vumbi na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto. Usiifungue kwa kuangalia video moja tu: baadhi ya laptopu za magemu zimetiwa metali ya maji badala ya pesti, na metali hiyo inapitisha umeme. Tone likidondokea kwenye bodi, gharama inaruka kutoka ya usafi hadi ya bodi.

Ukituletea, tunaanza na kumbukumbu za mashine, kisha kihisi cha mfuniko, kisha chaja kwa mzigo, kisha betri. Hatugusi mafaili yako na hatupigi Windows bila kukuuliza. Ikigundulika ni bangili au ni mpangilio, tunakuonyesha papo hapo uondoke nayo. Njoo na chaja ileile unayoitumia nyumbani, hata kama unaionea aibu, pamoja na pedi yako, na utuambie saa ambayo ililala mara ya mwisho. Saa hiyo ndiyo tutakayoitafuta kwanza kwenye orodha.